Tuache Kubahatisha: Kila Parokia Iwe na Daftari la Mbio



Naomba nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonisukuma kuandika. Nilipokuwa katika mwaka wa kichungaji katika parokia moja ya pwani yetu ya Tanga, Paroko alinikabidhi michezo ya sikukuu ya somo wa parokia. Kulikuwa na kuvuta kamba kwa akina mama wa WAWATA, kukimbia na ndimu kwenye kijiko kwa watoto wa Utoto Mtakatifu, kufukuza kuku kwa wazee, na mwishoni mbio za mita 1500 kwa vijana. Walikuja vijana wa vigango vyote, na jirani zetu Waislamu nao wakaleta wa kwao, kama ilivyo desturi ya huku kwetu pwani.

Tulikimbilia kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Kila mtu pale alikuwa na hakika kwamba ukiuzunguka uwanja wa mpira umekimbia mita 400, kwa hiyo tukapiga hesabu: mizunguko mitatu na robo tatu. Saa ilikuwa simu yangu. Filimbi ilipolia nilikuwa bado namwelekeza mtu wa spika, nikabonyeza nikiwa nimechelewa kama sekunde tatu hivi. Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, aliwaacha wenzake kuanzia mzunguko wa pili. Alipovuka mstari, simu ilisoma dakika 4 na sekunde 1. Niliiona ile sekunde moja kama doa kwenye kanzu nyeupe. Nikashika kipaza sauti na kutangaza: "Dakika nne kamili! Rekodi ya parokia!" Vigelegele vikapigwa, na kijana akabebwa mabegani.

Miezi miwili baadaye tulimchangia nauli aende kwenye mchujo mahali penye uwanja uliopimwa. Alikimbia dakika 4 na sekunde 38, akawa wa tisa. Aliporudi alinifuata ofisini.

"Tumsifu Yesu Kristo, Frateri."

"Milele amina. Karibu, kaa."

Hakukaa. Aliniuliza akiwa amesimama: "Frateri, zile dakika nne zilikuwa za kweli?"

Nilimjibu kwamba labda safari ilimchosha. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili. Usiku sikulala vizuri, na kesho yake niliazima futi kamba kwa fundi mwashi, nikauzunguka ule uwanja mimi na katekista. Ulikuwa na mita 352. Maana yake siku ile vijana hawakukimbia mita 1500 bali mita 1320, na muda wa kweli, ukirudisha zile sekunde nilizochelewa, ulikuwa dakika 4 na sekunde 4. Fanya hesabu ya mwendo huohuo kwa mita 1500 kamili: unapata dakika 4 na sekunde 37. Yule kijana kule mchujoni alikimbia vilevile alivyokimbia kwetu. Hakupungukiwa na kitu. Waliopungukiwa ni sisi tuliompima.

Tangu siku hiyo nina hoja moja, na leo naileta kwenu mafrateri wenzangu, maparoko, walezi wa VIWAWA na TYCS, na waamini wote. Tunalalamika kwamba vijana wetu wa pwani hawafiki popote katika riadha. Tunasema hakuna viwanja vya kisasa, hakuna viatu, hakuna wafadhili. Yote ni kweli. Lakini kuna jambo linalotangulia hayo, nalo halihitaji mfadhili: hatupimi, na tukipima hatuandiki, na tukiandika tunaandika kwa kubahatisha. Napendekeza kila parokia iwe na daftari la mbio, na daftari hilo litunzwe kwa uaminifu uleule tunaoutumia kutunza daftari la ubatizo.

Tuanze na maana ya rekodi. Neno hili tumelizoea kana kwamba maana yake ni sifa. Maana yake ya kwanza ni kumbukumbu iliyoandikwa, yaani ushuhuda. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Mtanzania Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Hakungoja mzunguko wa mwisho kama ilivyokuwa mtindo wa wengi. Aliongoza tangu mwanzo na hakupitwa. John Walker, mwenyeji wa nchi, alimfuata kwa sekunde 32.52, naye pia alikuwa ameivunja rekodi ya dunia ya zamani, ile ya Jim Ryun wa Marekani ya mwaka 1967, iliyokuwa dakika 3 na sekunde 33.1. Yaani siku ile mtu alikimbia kuliko rekodi ya dunia akapata nafasi ya pili.

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1975 mjini Kingston, Jamaika, Bayi akavunja na rekodi ya maili moja: dakika 3 na sekunde 51.0. Rekodi iliyokuwapo, ya Ryun yuleyule, ilikuwa dakika 3 na sekunde 51.1. Tazama tofauti hiyo. Ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mimi na simu yangu tulikosea kwa sekunde tatu, yaani mara thelathini ya kipande kile kilichomtenga Bayi na Ryun. Laiti wapima saa wa Kingston wangekuwa na mkono kama wangu, dunia isingejua kitu cha kweli kuhusu Mtanzania yule, hata kama miguu yake ingekuwa ileile.

Ndiyo maana kanuni za riadha za kupima kwa mkono ni kali kuliko watu wanavyodhani, na kwa kweli zinafundisha. Kila mkimbiaji wa kwanza hupimwa na watu watatu. Kila mmoja husoma saa yake peke yake, haruhusiwi kumwonyesha mwenzake wala kushauriana naye kabla ya kuandika. Saa mbili zikikubaliana na moja ikatofautiana, wakati rasmi ni wa zile mbili. Zote tatu zikitofautiana, huchukuliwa ule wa katikati. Wakiwa wapimaji wawili tu na wakatofautiana, huchukuliwa ule mrefu zaidi. Na saa ikiangukia katikati ya sehemu mbili za kumi, hesabu hupandishwa kwenda kwenye muda mrefu, haishushwi kamwe. Wakati wa Bayi wa Christchurch ulioandikwa rasmi enzi zile kama rekodi ya dunia ulikuwa 3:32.2, ingawa mtambo wa umeme ulisoma 3:32.16. Palipokuwa na shaka, shaka ilimwangukia mkimbiaji, haikumpendelea.

Mimi nilifanya kinyume. Palipokuwa na sekunde moja ya ziada, niliifuta ili watu wafurahi. Kitabu cha Mithali kinatufundisha kwamba mizani ya udanganyifu ni chukizo mbele ya Mungu, na sisi tumezoea kuyahubiri hayo kwa wauza nyama na wauza mchele wa sokoni. Futi kamba na saa navyo ni mizani. Anayempa kijana sekunde zisizo zake hampendi. Anamuuzia debe lenye kitako kilichobonyezwa ndani.

Kuna jambo lingine linalotuhusu hasa sisi watu wa pwani, nalo ni upepo. Siku ile ya sikukuu, mwezi wa saba, kusi ilikuwa inavuma kwa nguvu. Wasichana walikimbia mita 100 wakiwa wamepewa upepo mgongoni, nasi tukashangilia kasi yao. Kanuni inasema kwamba katika mita 100 na 200, na katika kuruka chini na kuruka hatua tatu, upepo ukimsukuma mchezaji kwa zaidi ya mita 2.0 kwa sekunde, matokeo hayawezi kuwa rekodi. Nafasi aliyoshinda anabaki nayo, medali yake anabaki nayo, lakini daftari la rekodi halimpokei. Wavuvi wetu wanalielewa jambo hili bila kufundishwa. Nahodha aliyefika Pemba kwa kaskazi nzuri hajisifu kwamba ngalawa yake ina mbio. Anasema upepo ulikuwa wake.

Na kwenye barabara ni vivyo hivyo. Mwaka 2011 Mkenya Geoffrey Mutai alikimbia marathoni ya Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, wakati rekodi ya dunia ilikuwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59. Hakuna aliyekuwa amewahi kukimbia marathoni kwa kasi ile, lakini rekodi haikuandikwa, kwa kuwa njia ya Boston inateremka kupita kiasi na mwisho wake uko mbali mno na mwanzo, hivyo upepo mmoja unaweza kumsukuma mtu safari nzima. Eliud Kipchoge naye, tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna, alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Dunia nzima ilisimama kumshangilia, na ilistahili. Lakini si rekodi ya dunia, kwa kuwa hayakuwa mashindano ya wazi, na wasaidizi walikuwa wakipokezana kumkinga na upepo. Naye hakudai iandikwe. Kuna heshima katika kusema: hili ni tendo kubwa, lakini daftari lina masharti yake.

Hapa najua ndugu mmoja atanisimamisha. Atasema: "Frateri, Kanisa halihitaji sekunde. Sisi tunamhubiri Akhwari." Ni kweli, nami nimemsikia John Stephen Akhwari katika mahubiri mara nyingi kuliko Bayi. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico, alianguka katika marathoni, akaumia goti na bega, wenzake wakaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikwisha maliza zaidi ya saa moja kabla Akhwari hajaingia uwanjani akichechemea na mguu umefungwa bandeji, giza limeingia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maneno ambayo kila Mtanzania anayajua: nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Sina la kupunguza hapo. Ni mfano mzuri wa udumifu, na hata Mtume Paulo alipokaribia mwisho wake alijipima kwa kuumaliza mwendo.

Lakini nadhani tumemhubiri Akhwari nusu. Tumemgeuza mtakatifu wa wanaoshika mkia, kana kwamba jambo jema alilofanya ni kuwa wa mwisho. Akhwari hakuwa mtu wa mkia. Miaka miwili baada ya Mexico, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 mjini Edinburgh, alikimbia marathoni na kuwa wa tano, kwa saa 2 na dakika 15. Alikwenda Mexico akiwa mkimbiaji wa daraja la juu. Ndiyo maana kuchechemea kwake kulikuwa na uzito: aliyekuwa na uwezo wa kushindania nafasi za mbele alikubali aibu ya nafasi ya mwisho kuliko kuivunja ahadi. Kijana ambaye hajawahi kujua uwezo wake hawezi kutoa sadaka ya namna hiyo. Anamaliza wa mwisho, basi. Tukihubiri kumaliza bila kuhubiri kujiandaa, tunawafundisha vijana kubariki uvivu.

Hata majira ya Akhwari tunayajua kwa sababu yaliandikwa: saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Wapima saa wa Mexico hawakwenda nyumbani baada ya medali kutolewa. Mtu mmoja alibaki na saa gizani akimngoja mtu wa mwisho, akaandika jina lake na muda wake. Huyo mpima saa simjui jina, lakini mara nyingi namfikiria. Ndiye ninayetaka parokia zetu zimwige.

Atakuja mwingine na kusema: "Riadha ni ya watu wa bara, wa Mbulu na Karatu na Singida. Pwani kuna joto, na sisi ni watu wa mpira na ngalawa." Hoja hii nimeisikia kwa wazee, kwa walimu, hata kwa vijana wenyewe. Nijibu kwa mifano miwili.

Wa kwanza ni wa jirani zetu, ng'ambo ya Horohoro. Mwaka 1962, huko Perth, Australia, Seraphino Antao wa Mombasa alishinda dhahabu mbili katika michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola, ya yadi 100 na ya yadi 220. Alikuwa mtoto wa jamii ya Wagoa wa Mombasa, watu wa pwani hasa. Kabla ya Kipchoge Keino, kabla ya majina yote ya Bonde la Ufa tunayoyajua leo, dhahabu ya kwanza ya Kenya katika mashindano makubwa ya kimataifa ilitoka kwenye mji wenye joto lilelile na chumvi ileile kama ya kwetu Tanga. Na mwaka 1964, Kenya ilipokwenda Olimpiki ya Tokyo ikiwa nchi huru, aliyebeba bendera alikuwa Antao.

Mfano wa pili ni Bayi mwenyewe. Ni kweli alitoka nyanda za juu. Lakini rekodi zake mbili aliziweka wapi? Christchurch iko kando ya bahari. Kingston ni mji wa bandari. Mbio za kati na ndefu hukimbiwa vizuri zaidi mahali pa chini, kwa sababu hewa ina oksijeni ya kutosha. Mtu wa mlimani huteremka baharini kutafuta rekodi. Sisi wa Jimbo la Tanga tumepewa vyote viwili. Kijana wa Lushoto na Soni anaamka kwenye baridi ya milima ya Usambara, na kwa safari ya basi ya nusu siku yuko Raskazone anatazama bahari. Ni majimbo mangapi yana mlima na pwani ndani ya mpaka mmoja? Kinachokosekana siyo hewa.

Na kama tunadhani mambo yanajipa yenyewe, tukumbuke kwamba wakati wa Bayi wa mwaka 1974 ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka 48, mpaka Birmingham mwaka 2022 alipotokea Mwaustralia Oliver Hoare. Kwa Tanzania, muda ule wa mita 1500 umekaa zaidi ya nusu karne bila Mtanzania wa kuuvunja. Katika marathoni tumesonga mbele, na mwezi Septemba 2025 Alphonce Simbu alitupatia dhahabu yetu ya kwanza katika mashindano ya riadha ya dunia, huko Tokyo, baada ya yeye na Mjerumani Amanal Petros kuandikiwa saa zilezile 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde, zilizoonekana kwenye picha ya mstari wa mwisho. Ukiwa na mpimaji wa kubahatisha, dhahabu ile huipati.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi, nami silipuuzi. Ni kwamba rekodi huzaa majivuno, na majivuno huzaa udanganyifu. Ruth Chepngetich wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago mwezi Oktoba 2024 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Mwaka uliofuata alifungiwa miaka mitatu baada ya sampuli aliyotoa mwezi Machi 2025 kukutwa na dawa iliyokatazwa. Matokeo ya Chicago, kwa kuwa yalitangulia sampuli hiyo, hayakufutwa. Lakini nani leo anayataja bila kusita kidogo? Hati ya Vatikani ya mwaka 2018 kuhusu michezo na binadamu inaitaja hatari hii waziwazi: pale ushindi unapogeuzwa kuwa kila kitu, mwili wa mchezaji unageuzwa kuwa chombo.

Nakubali yote hayo. Ila naomba tutofautishe. Anayekula dawa hajapenda rekodi mno, ameidharau. Anataka jina lake kwenye daftari bila kujali kama lilichoandikwa ni kweli. Na hapo, ndugu zangu, mimi na simu yangu tulikuwa upande wake. Kosa langu lilikuwa dogo na halikumpa mtu ugonjwa, lakini lilitoka kwenye mzizi uleule: kupenda vigelegele kuliko ukweli. Dawa ya majivuno siyo kuacha kupima, bali kupima sawasawa. Saa ya kweli humshusha mtu. Sisi seminarini tunajua maana ya kutafiti dhamiri kila jioni. Hatufanyi hivyo ili tujisifu, tunafanya ili tujue tulipo. Mtume Paulo anamwambia Timotheo kwamba mshindani havikwi taji asipofuata kanuni. Kanuni ya kwanza ni kwamba mita 1500 ziwe mita 1500.

Sasa nije kwenye pendekezo lenyewe, maana hoja bila kazi ni porojo. Mafrateri wengi wanajua ule wito wa Olimpiki wa kasi zaidi, juu zaidi, nguvu zaidi. Wachache wanajua kwamba uliasisiwa na padre, Mdominikani Henri Didon, aliyeutumia mwaka 1891 katika michezo ya vijana wa shule yake huko Arcueil, karibu na Paris. Ulianzia kwenye siku ya michezo kama zetu. Basi na sisi tufanye hivi.

Kwanza, kila parokia ipime kiwanja chake mara moja kwa futi kamba, kwa kufuata mstari wenyewe wa kukimbilia, na kuweka mambo ya kudumu pembeni. Si lazima kiwe cha mita 400. Kama eneo linaruhusu mita 300, mizunguko mitano ni mita 1500 kamili. Kikiwa cha mita 352 kama kile chetu, mizunguko minne ni mita 1408, halafu unaongeza mita 92 na kupiga mstari wa chokaa hapo. Tatizo si udogo wa kiwanja, ni kutojua udogo wake.

Pili, wapimaji wawe watatu, kila mmoja na simu yake, wasitazamane. Waanze kuhesabu kwa kuona ishara, siyo kwa kusikia filimbi, maana sauti huchelewa kumfikia aliye mbali. Anayeanzisha mbio anyanyue kitambaa na kukishusha anapopuliza. Wachukue muda wa katikati, na wakiwa na shaka waandike ule mrefu.

Tatu, liwepo daftari gumu, siyo karatasi ya kutupwa. Liandikwe tarehe, jina, umri, kigango au mtaa, umbali, muda, na hali ya upepo: shwari, kusi au kaskazi. Wasichana na wavulana waandikwe sawa, Mkristo na Mwislamu sawa, wa kwanza na wa mwisho sawa. Wapimaji watatu watie sahihi. Kisha daftari likae ofisini, kwenye kabati lilelile la madaftari ya ubatizo na ndoa. Na kila mwaka katibu wa michezo wa parokia apeleke nakala kwa afisa michezo wa wilaya, ili mwalimu anayetafuta vijana wa UMISSETA au wa timu ya mkoa asitegemee uvumi wa sokoni.

Kwa nini nasema kabati lilelile? Kwa sababu Kanisa linajua thamani ya mstari mmoja ulioandikwa vizuri. Ni waamini wangapi wamefika ofisini wakiwa na miaka hamsini, wanatafuta cheti cha ubatizo ili wafunge ndoa, na karani akafungua daftari lililoliwa na mende pembeni, akalikuta jina lao, la baba, la mama na la msimamizi, lililoandikwa na padre aliyekwisha kufariki? Padre yule hakuongeza wala hakupunguza. Kwa uaminifu wake mtu leo anajulikana ni nani. Kijana naye ana haki ya kujulikana alikuwa nani siku alipokuwa na miaka kumi na saba na miguu yenye nguvu.

Nimalizie kwa yule kijana. Baada ya kupima uwanja nilikaa na zile hesabu siku tatu kabla ya kupata moyo wa kumfuata. Nilimkuta ufukweni anasaidia kukunja nyavu. Nilimwambia yote: mita 352, sekunde tatu, ile sekunde niliyoifuta. Nilimwomba radhi mbele ya baba yake. Mzee alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Bora umesema, Frateri. Mwanangu alidhani amerogwa." Kijana yeye aliuliza swali moja tu: kama 4:38 ndiyo ya kweli, aliyeshinda kule mchujoni alikuwa mbele yake kwa sekunde ngapi? Nikamwambia ishirini na mbili. Akahesabu kwa vidole, kisha akasema, "Basi tupime tena Jumamosi, lakini safari hii weka watu watatu."

Tuliweka watu watatu: mimi, katekista, na mwalimu wa madrasa ya jirani. Saa zetu zilisoma 4:35, 4:36 na 4:36. Tuliandika 4:36, upepo shwari. Huo ndio mstari wa kwanza wa daftari la parokia ile, na mpaka naondoka hakuna aliyeuvunja, hata yeye mwenyewe. Lakini kila mara alipojaribu, alijua anajaribu kitu gani.

Sikukuu ya somo wa parokia yenu ni lini? Tangulieni na futi kamba.